Noti za Kale Katika Mirathi: Zithaminiwe Vipi?

Tangu Aprili 6, 2025, noti za zamani za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ya 500 ya mwaka 2010, si fedha halali tena. Benki Kuu ilitoa miezi mitatu ya kuzibadilisha. Hata hivyo, huku kwetu Ikinga na Tunduma zingali zinakutwa katika masanduku ya marehemu, na hapo ugomvi wa warithi huanza: mmoja huziita makaratasi, mwingine amesikia zinanunuliwa kwa mamilioni.

Umri peke yake haupandishi bei. Noti za rupia moja ambazo Wajerumani walizichapa humu nchini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza zimepita miaka 100, lakini zilichapwa kwa wingi, hivyo wakusanyaji huzipata bila taabu. Noti za rupia za Serikali ya Zanzibar, zilizoanza 1908 na kuondolewa 1936, ni adimu mno. Moja huweza kufikia maelfu ya dola.

Baada ya uchache hutazamwa hali. Noti isiyowahi kukunjwa huipita mara nyingi ile iliyozunguka sokoni. Basi usiifue, usiipige pasi, wala usiizibe kwa gundi. Mkusanyaji hutambua, na bei huanguka papo hapo.

Noti za kwanza za Benki Kuu, za Juni 1966, hazina mwaka. Kalenda yake ni saini: Edwin Mtei alikuwa Gavana hadi 1974, akafuatiwa na Charles Nyirabu. Ya shilingi 100 igeuzwe nyuma. Yenye mchungaji wa Kimaasai hutafutwa kuliko yenye wanyamapori.

Bei anayoitangaza muuzaji ni matamanio yake tu. Tazameni noti ya aina na hali hiyo imeuzwa kiasi gani mnadani. Mnunuzi anayedai ada kabla ya kununua, mwacheni aende zake. Na kwacha za kabla ya 2013, Zambia ilipofuta sifuri tatu, zisiwababaishe kwa wingi wa sifuri.

Zikingoja kuthaminiwa, namba zake ziandikwe mbele ya warithi wote na mashahidi wawili. Anayetaka moja kwa ukumbusho aichukue kwa bei ya soko, ikatwe katika fungu lake. Kaka mkubwa kujitwalia noti ya 1966 kwa hesabu ya shilingi 20 iliyoandikwa juu yake ni kuwadhulumu dada zake.