Leza katika Tiba ya Glakoma Sugu ya Watoto

Glakoma ya utotoni ni ugonjwa unaotokana na kuzidi kwa shinikizo la maji ndani ya jicho. Maji hayo hutengenezwa na tishu za silia zilizo nyuma ya sehemu yenye rangi ya jicho, hupita kwenye mboni, kisha hutoka kupitia vijia vidogo pembezoni mwa konea. Mtoto anapozaliwa na kasoro katika vijia hivyo, maji hukwama. Jicho lake ambalo bado ni laini hutanuka, konea huingia ukungu, na neva ya jicho huharibika. Uoni unaopotea kwa kuharibika kwa neva haurudi.

Tiba ya msingi kwa mtoto mchanga ni upasuaji wa kufungua vijia. Ukishindwa, daktari hutengeneza njia mpya ya maji au hupandikiza kijibomba. Ikiwa hata hizo hazikufaa, ndipo leza hufikiriwa.

Leza hiyo haizibui njia, bali hupunguza chemchemi yenyewe. Mtoto akiwa amepewa nusukaputi, mwanga wa leza ya daiodi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 810 hupitishwa kwenye weupe wa jicho bila kulikata. Rangi iliyomo katika tishu za silia hufyonza mwanga huo, na joto lake huunguza sehemu ya tishu zinazotoa maji. Sehemu nyingine huachwa makusudi, kwa kuwa jicho likikosa maji ya kutosha hunywea na kupofuka.

Kwa watoto, shinikizo mara nyingi hupanda tena, na tiba hulazimika kurudiwa. Hapa ndipo lugha inapogusa matokeo ya tiba. Jina lililozoeleka, “presha ya macho”, hukaribiana mno na presha ya damu. Mzazi anaweza kudhani kuwa ni maradhi ya wazee, au kwamba presha ikishuka mtoto amepona. Maelezo sahihi ya Kiswahili hayana budi kubainisha mambo mawili: leza hulinda uoni uliosalia, wala hairejeshi uliopotea, na kipimo cha leo hakiondoi haja ya kumrudisha mtoto kliniki, hata akionekana mzima.