Usahihi na Uthabiti: Somo la Shabaha kutoka Delta ya Rufiji

Asubuhi ya tarehe 6 Julai 1915, manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia katika Delta ya Rufiji kwa mlango wa Kikunja. Zilikuwa meli za kina kifupi, zenye uwezo wa kupita mitoni, na kila moja ilichukua mizinga 2 mikubwa yenye kipenyo cha milimeta 152. Windo lao lilikuwa manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Meli hiyo ilikuwa imejificha nyuma ya misitu ya mikoko tangu mwaka 1914, baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba. Umbali kati ya mizinga na shabaha ulikuwa kama kilometa 10. Hapakuwa na mpigaji aliyeweza kuiona shabaha yake. Ndege iliyozunguka angani ndiyo iliyotazama mahali makombora yalipoanguka na kupeleka habari kwa simu ya upepo.

Siku hiyo Waingereza walifyatua makombora zaidi ya 600. Königsberg ilipigwa mara chache tu, nayo iliendelea kujibu. Kombora lake liliharibu mzinga mmoja wa Mersey na kuua mabaharia. Jioni Waingereza waliondoka. Siku 5 baadaye walirudi na meli zile zile na mizinga ile ile, na safari hii Königsberg iliangamia. Ni jambo gani lililobadilika? Ili kulijibu swali hili hapana budi kwanza kutenganisha maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa.

Maneno mawili yasiyo sawa

Usahihi ni ukaribu wa mapigo na shabaha. Uthabiti ni ukaribu wa mapigo yenyewe kwa yenyewe. Ichukuliwe mathalan kwamba bunduki moja, iliyofungwa imara juu ya meza, inajaribiwa kwa aina mbili za risasi. Risasi za aina A zote zinapiga milimeta 30 kushoto kwa alama, lakini matundu yake yote yanaweza kufunikwa kwa sarafu moja. Risasi za aina B zinatapakaa pande zote za alama, nyingine juu, nyingine chini, nyingine kulia, na mara moja moja katikati kabisa.

Mtu asiyefikiri sana atachagua aina B, kwa kuwa angalau risasi moja ilipiga katikati. Mwanasayansi atachagua aina A. Kosa la aina A ni kosa la kudumu: likisogezwa kilengeo kwa kiasi kinachofaa, mapigo yote yatahamia katikati kwa pamoja. Kosa la aina B ni kosa la nasibu. Hakuna namna ya kusogeza kilengeo itakayoliondoa, kwa sababu kila pigo lina kosa lake, na kosa la pigo lijalo halijulikani.

Ndani ya risasi ndogo

Tofauti hii huonekana wazi katika risasi ndogo za kulengea shabaha, zenye kipenyo cha milimeta 5.6 hivi. Aina yake inayotumika zaidi duniani ilitokea Marekani mwaka 1887. Katika risasi kubwa, kiwashio huwekwa katikati ya kitako cha ganda. Katika risasi hizi ndogo, kiwashio kimo ndani ya ukingo unaozunguka kitako. Kiwandani, dawa ya kiwashio hutiwa ikiwa mbichi, kisha husukumwa hadi ukingoni kwa kuzungushwa kwa kasi kubwa. Kipini cha bunduki kinapougonga ukingo, dawa hulipuka na kuiwasha baruti.

Hapo ndipo penye chanzo cha kosa la nasibu. Ikiwa dawa haikuenea sawasawa ukingoni, mwako wa risasi moja hautafanana na wa nyingine. Kadhalika tofauti ndogo za uzito wa baruti, za umbo la kichwa cha risasi, au za nguvu ambayo ganda linakishika kichwa hicho, hubadili mwendo wake kinapotoka mtutuni. Kichwa chenyewe kina uzito wa gramu 2.6 tu.

Ichukuliwe kwamba risasi moja hutoka kwa mwendo wa meta 330 kwa sekunde, na ya pili kwa meta 320. Upinzani wa hewa ukiachwa kando, ya kwanza hufika shabaha iliyo umbali wa meta 50 baada ya sekunde 0.152, na ya pili baada ya sekunde 0.156. Muda wote huo mvutano wa dunia unazivuta chini. Kwa kanuni ya nusu ya g mara muda kipeo cha pili, ya kwanza huanguka milimeta 112, na ya pili milimeta 120. Hesabu kamili hutoa tofauti ya milimeta 7 hivi. Tofauti hiyo si ndogo, kwani katika mashindano ya kimataifa ya meta 50, duara la alama 10 lina kipenyo cha milimeta 10.4 tu. Umbali ukiongezwa mara mbili, hadi meta 100, tofauti huongezeka mara nne na kufikia milimeta 29 hivi.

Idadi ya mapigo

Kuna mtego mwingine katika kulinganisha risasi, nao ni kuamua mapema. Mpimaji akifyatua risasi 3 tu, kisha akapima umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi, atapata kipimo kidogo cha kupendeza. Akifyatua risasi 10 za aina ile ile, kipimo hicho huongezeka, kwa wastani, mara moja na nusu hivi. Risasi hazikuharibika, ila mapigo yakizidi, nafasi ya kutokea pigo lililopotoka nayo huzidi. Kwa hiyo si haki kulinganisha kundi la mapigo 3 na kundi la mapigo 10. Idadi iwe sawa, bunduki iwe ile ile, na jaribio lirudiwe.

Jaribio la darasani

Mwalimu wa Mbwara au wa Kibiti hahitaji bunduki ili kuwaonyesha wanafunzi mambo haya. Vinatosha kipande cha mwanzi kilichopasuliwa katikati, meza, sanduku pana la mchanga mbichi, gololi 10 za kioo zenye ukubwa mmoja, na vidonge 10 vya udongo vilivyofinyangwa kwa mkono na kukaushwa. Mwanzi uinamishwe juu ya meza na kufungwa imara. Kila gololi iachiliwe kutoka alama ile ile, ianguke mchangani, na umbali wa pigo lake kutoka mguu wa meza uandikwe. Kisha vifuate vidonge vya udongo.

Wanafunzi watafute wastani wa kila kundi. Halafu watafute tofauti ya kila pigo na wastani huo, bila kujali alama ya kuongeza au kutoa, na wastani wa tofauti hizo. Wastani wa kwanza huonyesha mahali kundi linapopiga. Wa pili huonyesha uthabiti wake. Hatimaye kikombe kiwekwe pale penye wastani wa kila kundi, na jaribio lirudiwe. Wanafunzi watajionea kundi lipi limesaidiwa zaidi na masahihisho hayo.

Kurudi Rufiji

Sasa yawezekana kulijibu swali la mwanzo. Tarehe 6 Julai meli zote mbili zilifyatua kwa pamoja. Mtazamaji angani aliyaona makombora yakianguka, lakini ilikuwa vigumu kutambua lipi lilitoka Severn na lipi lilitoka Mersey. Masahihisho ya meli moja yalichanganyika na ya nyingine, na makosa mawili ya kudumu, ambayo kila moja lingeweza kuondolewa, yalionekana kama kosa moja la nasibu.

Tarehe 11 Julai utaratibu ulibadilishwa: ndege isahihishe mapigo ya meli moja tu kwa wakati mmoja. Severn ilitia nanga na kufyatua, na baada ya kila mpigo ikapewa masahihisho, hadi makombora yalipoanza kuipata Königsberg. Ndege hiyo, iliyoongozwa na rubani Cull, ilipigwa na kuanza kushuka. Hata hivyo mtazamaji wake, Arnold, aliendelea kupeleka habari wakiwa wanaanguka, akieleza kwamba mapigo yote yanaangukia upande wa mbele wa meli. Severn ikasahihisha kuelekea katikati. Ndege ilianguka mtoni karibu na Mersey, na wote wawili waliokolewa. Siku hiyo hiyo nahodha Max Looff aliamuru meli yake ilipuliwe.

Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa baadaye na Wajerumani, wakaitumia katika vita vya nchi kavu. Mmoja wapo umehifadhiwa katika Ngome ya Yesu, Mombasa. Mwanafunzi akiutazama, na akumbuke kwamba tofauti kati ya siku ile ya makombora 600 na siku ya ushindi haikutokana na baruti zaidi. Ilitokana na kupima chanzo kimoja kwa wakati mmoja, na kusahihisha kosa linalosahihishika. Kanuni hiyo hiyo humfaa apimaye mvua kwa kipimamvua, apimaye dawa kwa mizani, na alinganishaye risasi kwa risasi.