Fahamu: Kwa nini picha ya king'amuzi huganda

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia, Dar es Salaam ikitangulia Desemba 31, 2012, chenga zimetoweka kwenye runinga. Zamani mawimbi yakipungua, ulitazama mpira hivyo hivyo. Dijitali haina huruma hiyo: yakishuka chini ya kiwango, picha inakatika vipande, inaganda, kisha kioo kinabaki cheusi.

Kabla ya kumwita fundi, fungua menyu ya king'amuzi utafute vipimo viwili, nguvu na ubora wa mawimbi. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, kuongeza kikuza mawimbi hakusaidii; kinakuza na kelele pia. Toa antena ndani ya nyumba ya bati, ipandishe juu ya paa, ielekeze kwenye mnara, na ukague maungio ya waya, maana kutu na maji hujificha humo.

Uko bondeni au mbali na mnara? Nunua king'amuzi cha dishi, ingawa mvua kubwa hulisumbua. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji: kifurushi kikiisha, chaneli zipi zinabaki? Wenye kipato kidogo wanastahili jibu hilo mapema.