Safari ya kikundi kwenda Kinshasa: tuhesabu gharama kwanza



Katika makanisa yetu ya Masisi na Walikale, wengi wamezaliwa na kuzeeka bila kuona Kinshasa. Mji mkuu tunausikia redioni tu. Ndiyo maana kwaya, vijana au wamama wanapoketi kupanga matembezi, jina hilo halikosi kutajwa. Ni tamaa nzuri. Lakini Yesu alifundisha kwamba mwenye kutaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaanza na kushindwa kumaliza. Tuhesabu basi.

Njia

Kutoka Goma hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na hakuna barabara ambayo basi la kikundi linaweza kufuata mpaka mwisho. Zamani mtu wa Masisi alishuka Sake, akafika Goma, akapanda ndege. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini. Mwezi wa tatu wa mwaka huo mapigano yalifika hata Walikale mjini. Kwa hiyo mpango uliotengenezwa kabla ya hapo usifuatwe bila kuchunguzwa upya.

Wa Walikale wanaweza kufikiria barabara ya taifa namba 3. Hiyo hupita Lubutu hadi Kisangani, na kutoka huko kuna ndege ya Kinshasa. Mvua huharibu barabara ya msituni, basi muongeze siku kadhaa kwenye hesabu. Kutoka Kisangani kuna pia mto Kongo, karibu kilomita 1,700. Bei yake ni ndogo, lakini safari inaweza kuchukua majuma, na mashua za mbao zinazojazwa watu na mizigo kupita kiasi zimeua wengi. Hatushauri kikundi chenye wazee na watoto kupita huko. Njia ya nchi jirani inadai pasipoti ya kila msafiri.

Kabla ya kuamua, waulizeni madereva, wachuuzi na wachungaji waliopita njia hiyo juma hilo hilo. Habari ya mwezi uliopita haitoshi. Jibu likiwa la mashaka, ahirisheni. Kuahirisha si kukosa imani. Mchungaji atadaiwa kila mtu aliyemchukua nyumbani kwake.

Feza

Gaweni feza katika bahasha tatu: ya kwenda, ya kukaa na ya kurudi. Bahasha ya kurudi ijazwe kwanza, wala isiguswe. Njia zetu hufungwa kwa siku moja, na kikundi kisicho na nauli ya kurudi hugeuka mzigo kwa wenyeji wake. Wekeni pia akiba kidogo ya ugonjwa.

Feza ishikwe na watu wawili, mmoja wao awe mama, na hesabu isomwe mbele ya kanisa kabla na baada ya safari. Msitume malipo kwa simu kwa mtu msiyemjua. Dola ziwe safi, maana noti iliyopasuka hukataliwa hata kama mpasuko ni mdogo.

Kama feza haitoshi watu 40, tumeni 10 kwa niaba ya wengine, wachaguliwe wazi mbele ya wote.

Mkifika

Andikeni mapema, kupitia viongozi wa jumuiya yenu, kwa Kanisa la Kristo katika Kongo, ambalo makao yake makuu yako Kinshasa, mpate kusaidiwa kupata mahali pa kulala. Saa ya kule iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Sokoni wanasema Lingala, basi mwende na mmoja anayeijua. Kila mtu abebe kitambulisho chake. Msipige picha askari, uwanja wa ndege wala majengo ya serikali bila ruhusa.

Magari husongamana sana, kwa hiyo chagueni upande mmoja wa mji kwa kila siku.

Siku ya kwanza, Gombe. Hapo iko Chapelle Sims, iliyojengwa mwaka 1891 na mmisionari daktari Aaron Sims; ni moja ya majengo ya zamani kabisa ya mji. Karibu na mto mtaona Brazzaville ng'ambo, mji mkuu wa nchi nyingine.

Siku ya pili, Lingwala. Hapo liko Kanisa kuu la Karne la Waprotestanti, ukumbusho wa miaka 100 tangu wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kufika nchini mwaka 1878. Karibu na hapo kuna Jumba la Watu, ambamo bunge huketi, uwanja wa Stade des Martyrs, na makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019.

Siku ya tatu, Limete. Hapo umesimama mnara wa meta 210 hivi, na sanamu ya Patrice Lumumba. Ndipo mabaki yake yaliyorudishwa kutoka Ubelgiji yalipozikwa tarehe 30 Juni 2022. Mnara huo ulianza enzi za Mobutu, ukakaa miaka mingi bila kumalizika. Mkiwa chini yake, kumbukeni mfano wa Yesu.

Mbona twende?

Huko Kinshasa wengi wanajua Masisi na Walikale kwa habari za vita tu. Ombeni nafasi katika ibada moja. Imbeni, toeni salamu, semeni namna watu wenu wanavyoishi, wanavyolima na wanavyokimbia. Kisha mrudi mkawasimulie waliobaki, maana walichangia nao. Na kama mwaka huu njia haikufunguka, feza ibaki katika bahasha zake na hesabu yake isomwe. Mji mkuu hautahama.

Bwana alinde kutoka kwenu na kuingia kwenu.