Fahamu: Jinsi ESP32 inavyolala ili betri idumu
Chipu ya ESP32, kipenzi cha wanaojiundia vifaa vya elektroniki, ikiwa macho na Wi-Fi imewashwa hula takriban miliampia 100. Betri ya miliampia-saa 2,000 huisha kwa saa 20.

Dawa yake ni usingizi mzito. Chipu huzima Wi-Fi na prosesa kuu, ikabakiza saa ya ndani na kumbukumbu ndogo. Matumizi hushuka hadi takriban maikroampia 10. Muda wa kulala hupangwa kwa maikrosekunde: dakika 10 ni 600,000,000.

Ikiwa macho sekunde 5 tu kila dakika 10, kwa hesabu betri ileile hudumu zaidi ya miezi 3.

Zingatia: ikiamka, programu huanza upya. Data muhimu ihifadhiwe kwenye kumbukumbu hiyo ndogo. Taa ya bodi iliyobeba chipu nayo hunyonya chaji hata chipu ikiwa imelala, itoe.