Faraja Katika Mmea Mdogo

Watu wengi hudhani ya kuwa faraja ya Mkristo haina budi kuja kwa ndoto, au kwa sauti, au kwa jambo kubwa la kushangaza. Nao wasipoyapata hayo husononeka, wakafikiri kwamba Mungu amewasahau. Leo nataka kuwaeleza habari ya mtu aliyeipata kwa kukitazama tu kitu kilichokuwapo mbele yake.

Mtu huyo ni Mungo Park, tabibu wa Scotland, aliyezaliwa mwaka 1771. Mwaka 1795 alitumwa na chama kimoja cha London kwenda kuuchunguza mto Niger, kwa kuwa Wazungu wa zamani zile hawakujua maji yake yaelekea wapi. Alifika ukingoni penye mji wa Segu, katika nchi ambayo leo ni Mali, mwezi wa Julai 1796, akaona ya kuwa mto waenda upande wa mashariki. Kisha mali ikamwishia, na mvua kubwa zikaanza, akageuka kurudi.

Tarehe 25 Agosti wanyang'anyi walimkamata njiani. Walichukua farasi, dira na nguo, wakamvua hata akabaki uchi. Mwisho wakamrudishia shati lililo bovu kati ya mawili, suruali, na kofia ambayo ndani yake alikuwa ameweka karatasi za habari za safari. Alikuwa hajatimiza miaka 25. Kwa hesabu yake mwenyewe, kituo cha karibu cha Wazungu kilikuwa mbali maili 500. Aliketi chini, akaona hana la kufanya ila kulala pale afe.

Ndipo alipouona mmea mdogo sana, wa namna ile iotayo kama zulia la kijani juu ya mawe, magogo na kuta zenye unyevu. Wengine huuita kuvumwani. Hauna ua wala mbegu. Hutoa kijiti chembamba kama uzi, na juu yake kifuko chenye kifuniko. Kifuko kikikomaa kifuniko huanguka, na vumbi laini lililomo huchukuliwa na upepo likaote kwingine. Aina nyingi hunyauka wakati wa jua kama zimekufa, na zikipata maji hurudia kijani chake. Ule aliouona Park haukuzidi ncha ya kidole, lakini ulikuwa umekwisha zaa. Naye alikuwa amejifunza elimu ya mimea, kwa hiyo alijua kutazama. Akatazama vizizi, akatazama majani, akatazama kifuko, akastaajabu. Akajiuliza kama Yeye aliyeupanda na kuukamilisha mmea ule, mahali pasipo mtu wa kuujali, angeweza kumpuuza mtu aliyemwumba kwa mfano wake. Basi akasimama, akaenda zake, na njaa na uchovu vikali vile vile. Jioni alifika Sibidulu, na mkuu wa mji akamkaribisha, akaahidi kumtafutia mali yake. Baada ya siku kadhaa farasi na nguo vikapatikana, ila dira ilikuwa imevunjika.

Angalieni, hakusikia sauti yo yote, wala mmea ule haukuwa hirizi. Katika safari yake ya pili Park alikufa penye maporomoko ya Bussa mwaka 1806. Mtu asiende basi kutafuta kuvumwani akitumaini kwamba hatapatwa na mabaya. Alichopata Park ni nguvu ya kuondoka pale chini, na saa ile hakuhitaji zaidi.

Bwana wetu aliwafundisha watu vivyo hivyo, kwa ndege na maua ya kondeni. Katika Mathayo mlango wa 6, neno la Kiyunani litumikalo juu ya maua lina maana ya kujifunza kwa makini, si kupitisha macho tu. Ni kazi, kama somo la darasani. Wanafunzi wangu wa ualimu hupenda kuikimbilia maana kabla ya kukitazama kitu chenyewe, nami huwarudisha. Mama apulizaye alfajiri kaa alilolifukia majivuni usiku, na mkulima afukuaye punje ya mahindi akaona mzizi umetangulia kushuka kabla jani halijapanda, hao wana vitu vya kutosha vya kutazama.

Tena mwenye kuangalia vema huona na yale yasiyomfurahisha. Park alipougua homa alitunzwa miezi 7 mjini Kamalia na Karfa Taura, Mwislamu mwenye moyo wa ukarimu, naye alikuwa mfanya biashara ya watumwa. Mwaka 1797 Park alifuatana na msafara wake kwenda Gambia. Watumwa wale walikuwa wakienda kuuzwa. Mimi siwezi kuisoma faraja ya Park nisiwafikiri hao, kwa maana hapakuwa na mkuu wa mji aliyewarudishia kitu. Na Park mwenyewe aliandika ya kuwa watu hao, ambao mateso yao yaliyapita yake mara nyingi, walimhurumia, wakamletea maji ya kunywa pasipo kuombwa, na usiku wakamkusanyia matawi na majani ya kulalia.