Gari Lililogeuzwa na Bei Yake Sokoni

Hakuna swali linalomkera mwenye gari katika miji ya Mlima Kenya kama lile ambalo mnunuzi humtupia kabla hata hajaufungua mlango, nalo ni kama gari limeguswa au halijaguswa. Muuzaji amekwisha kutumia fedha zake kwa mafundi wa Nyeri au wa Karatina, akabadilisha springi, akayavika magurudumu rimu pana, akafunga spika kubwa nyuma ya kiti, na pengine akaitoa injini aliyoikuta akatia nyingine yenye nguvu zaidi, naye hutaraji kwamba kila shilingi iliyoingia humo itarudi siku ya mauzo, na kama hairudi yote basi irudi nusu. Ilhali mnunuzi, akiyatazama mambo yale yale, huyahesabu moja baada ya jingine kuwa ni sababu za kushusha bei. Baina ya wawili hao mwenye haki, aghalabu, ni mnunuzi. Azma ya makala haya ni kueleza sababu yake, na kuzitaja pia zile hali chache ambazo haki humgeukia muuzaji.

Asili ya jambo iko bandarini Mombasa. Magari mengi ya watu binafsi tuyaonayo katika barabara zetu yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, na kanuni ya serikali ni kwamba gari lisiingizwe nchini likiwa limepita umri wa miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba sokoni, siku zote, huwapo gari jingine la jina lile lile na la mwaka ulio karibu na ule, lililoteremshwa melini juzi, ambalo fundi wa hapa hajalitia spana, likiwa na karatasi yake ya mnada inayotaja kila mkwaruzo. Hilo ndilo mnunuzi analolilinganisha na la kwako, na kila la kwako linapotofautiana nalo hujiuliza kilichoileta tofauti ile. Aliyebadilisha shokamzoba huenda alizibadilisha kwa sababu za kwanza zilikufa mashimoni. Aliyetia injini nyingine huenda aliiua ya kwanza kwa mwendo. Mnunuzi hana njia ya kulijua la kweli, na lile asiloweza kulijua humtoza muuzaji.

Walakini nchi ya mlimani ina masharti yake, wala si ya kupuuzwa. Mji wa Nyeri uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Naro Moru na Nanyuki ziko juu kuliko hapo, na barabara ya kwenda Timau huzidi kupanda. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na kwa kuwa injini huchoma mafuta kwa kadiri ya hewa iliyovuta, injini isiyo na turbo iliyoondoka Mombasa na nguvu zake kamili hufika Nyeri ikiwa imepungukiwa na karibu sudusi ya nguvu hizo, bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Turbo ni pangaboi dogo linalozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nalo huishindilia hewa ndani ya silinda, hata hasara ile ya mwinuko ikafidiwa kwa sehemu kubwa. Hii ndiyo sababu moja ya Subaru zenye turbo, Forester na Impreza, kupendwa mno katika milima hii, ingawa mapenzi hayo yalipaliliwa pia na Safari Rally, ambayo Colin McRae aliishinda mwaka 1997 akiwa na Impreza, na ambayo Mkenya mwenzetu Patrick Njiru alishiriki katika miaka ile ya 1990 akiendesha magari ya kampuni hiyo hiyo.

Kijana asiyemudu Forester yenye turbo hununua isiyo nayo, kisha akatafuta injini ya turbo iliyotolewa kwenye gari la ajali, na fundi akaiingiza. Hapa ndipo ilipo hasara kubwa kuliko zote. Injini ina nambari yake iliyochongwa juu ya chuma, na nambari hiyo imeandikwa katika logibuku. Sheria ya trafiki humtaka mwenye gari aarifu mabadiliko ya namna hiyo, na siku hizi anayeyapokea na kuyaandika ni Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Asiyearifu huweza kuendesha miaka mingi bila ya kuulizwa na mtu. Lakini siku ya kuuza, mnunuzi huinama chini ya boneti na tochi ya simu, akasugua mafuta kwa kitambaa, akasoma tarakimu moja moja huku mwenzake akimfuatisha kwa logibuku, na zisipopatana mazungumzo ya bei yamekwisha. Si lazima amdhanie muuzaji kuwa mwizi. Yatosha kwamba injini isiyo na hati yaweza kuwa imetoka katika gari la wizi, na kwamba benki au sacco atakayokwenda kukopa haitakubali rehani ya gari lenye nambari mbili zisizopatana. Kadhalika nguvu mpya huhitaji breki kubwa, rejeta ya kutosha na giaboksi imara. Gari lililoongezewa mbio bila ya kuongezewa uwezo wa kusimama ni hatari kwa aliye ndani yake na kwa mwanafunzi anayetembea kando ya barabara, na mthamini mwenye insafu hulipunguzia bei, wala hapaswi kuona haya kwa kufanya hivyo.

Natujongee sasa Karatina, penye soko ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Afrika Mashariki. Hapa Toyota Probox, gari lililoanza kuundwa mwaka 2002 kwa kazi ya kupeleka mizigo midogo katika miji ya Japani, limekuwa tegemeo la wachuuzi wa kabichi, karoti na viazi, kama lilivyo huko Maua na Nyambene tegemeo la wasafirishaji wa miraa, ambao huhesabu kila dakika kwa kuwa miraa iliyochelewa haina bei. Kiwandani gari hili la mizigo lilikadiriwa kubeba takriban kilo 400. Wachuuzi wetu huzidisha, tena huzidisha sana, na kwa hiyo fundi huondoa springi za nyuma akatia nzito zaidi. Springi hizo ni katika marekebisho machache ambayo hurudisha kitu mkononi mwa muuzaji, kwani anayekuja kuinunua Probox ya Karatina mara nyingi ni mchuuzi mwingine, ambaye angelazimika kuzitia kwa fedha zake.

Hata hivyo, mtazame mnunuzi mjuzi anavyolikagua gari hilo. Rangi haimshughulishi. Hupiga goti nyuma ya gurudumu, akapitisha kidole pale springi inapokalia bodi, akitafuta ufa au kovu la kuchomelea. Akautazama mpira unaozuia ekseli isiigonge bodi, kama ungalipo au umekwisha liwa. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kulinyanyua zulia, akaona udongo mwekundu wa viazi ulivyojaa katika maungio ya bati, na kutu ilivyoanza chini yake. Springi mpya juu ya bodi iliyopasuka ni ushahidi dhidi ya muuzaji, maana zinasema kwamba gari hili lilibebeshwa kupita kiasi na litakuwa limechoka hata mahali pasipoonekana. Springi zizo hizo juu ya bodi nzima, pamoja na risiti ya duka zilikonunuliwa, ni hoja yenye nguvu.

Kuliinua gari kuna hukumu iliyo karibu na hiyo. Anayeishi katika nchi ya majani chai, Othaya au Tetu, anajua jinsi njia za udongo zinavyokuwa katika mvua za Machi hadi Mei, na gari lililoinuliwa kwa springi na shokamzoba zilizoundwa kwa urefu huo halikosi mtu wa kulitaka. Lakini lililoinuliwa kwa vipande vya chuma vilivyokatwa gereji hupindisha mihimili inayoyazungusha magurudumu ya mbele, mipira yake ikapasuka, grisi ikamwagika na mchanga ukaingia, hata kila kona gari likawa linalia. Na tairi kubwa kuliko za asili huidanganya saa ya mwendo: gari huenda kasi kuliko inavyoonyesha, na kilomita zilizoandikwa huwa chache kuliko zilizotembewa. Kulishusha gari hadi karibu na ardhi, katika nchi iliyojaa matuta ya barabarani, ni jambo ambalo sijaona soko lake kabisa.

Kuna marekebisho mengine ambayo thamani yake imo mikononi mwa dola. Hiace ya mizigo, isiyo na madirisha, hukatwa bati, ikatiwa vioo, viti na mikanda, ikawa matatu ya kubeba abiria kati ya Nyeri na Nairobi au Nanyuki na Meru, na gharama ile hurudi, kwa sababu anayeinunua hanunui chombo kitupu bali biashara iliyokwisha kusimama. Walakini wazee wa kazi hiyo hawajausahau mwaka 2004, pale kanuni za Waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka uliotangulia, zilipoanza kutekelezwa kwa nguvu: abiria 14 badala ya 18, mkanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Viti vya ziada ambavyo watu walivilipia viling'olewa, na fedha zao zikaishia hapo. Kanuni zile zilikuwa za haki na ziliokoa roho za watu, nami naziunga mkono hata leo. Ninalosema ni kwamba aliyelinunua gari kwa hesabu ya viti 18 alinunua kitu ambacho serikali ingeweza kukifuta, na ikakifuta.

Vivyo hivyo Land Cruiser zilizokatwa paa ili watalii wasimame kutazama wanyama hushikilia bei maadamu watalii wanakuja, na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga safari za dunia, wenye magari hayo waliona jinsi paa lile lisivyomfaa mtu mwingine yeyote. Na yako magari ya Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia uzio wa Aberdare, ule wa takriban kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009, ambao wakulima wa upande wa Nyeri wanaushukuru kwa kuwazuia tembo wasiingie mashambani mwao. Magari hayo hufumuliwa na kuundwa upya kwa mali nyingi na maarifa ya kustaajabisha, na soko lao ni kundi dogo la watu wanaojuana wenyewe kwa wenyewe.

Nisipite bila ya kuigusa bima. Mthamini, awe wa AA Kenya au wa kampuni nyingine, huandika vitu vilivyoongezwa kando ya thamani ya gari lenyewe, na mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa mwenye gari: aliyetia injini nyingine au kulibadilisha gari kwa namna inayozidisha hatari, kisha akanyamaza, ameipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Waliopoteza kwa njia hii hupoteza gari zima, si sehemu ya bei.

Basi hesabu iliyo sawa ni ipi? Tuchukue mfano wa kudhania. Mtu ametia shilingi 120,000 katika gari lake, akalitumia kwa miaka 4, na siku ya kuuza mnunuzi akamwongezea 20,000 kwa ajili ya vitu hivyo. Shilingi 100,000 hazikurudi, nazo ni sawa na 25,000 kwa kila mwaka. Kama fedha hizo zilikwenda kwenye springi zilizobeba kabichi kila siku ya soko, amelipa ijara ndogo kwa faida kubwa, na asihuzunike. Kama zilikwenda kwenye bomba la moshi lenye kelele, ameilipia starehe yake, nayo ni halali yake, lakini asimdai mnunuzi fidia ya starehe ambayo mnunuzi hakuionja.

Kwa hiyo anayekusudia kuligeuza gari na baadaye kuliuza ni heri aanze kwa kuvihifadhi vitu vya asili: rimu za kiwandani, springi, redio na bomba, vikiwa vimefungwa vizuri ghalani pamoja na risiti za vile vilivyochukua mahali pake, na asikubali fundi akate waya wala bati pale ambapo skrubu ingetosha. Kisha, kabla ya mnunuzi wa kwanza kufika, avirudishe vya asili garini na vile alivyoongeza aviuze peke yake, maana kijana wa Nyeri anayetafuta rimu au spika atalipa bei yake bila ya maneno mengi, ilhali mnunuzi wa gari, akiisha kuviona vimefungwa humo, atavihesabu kuwa ni sehemu ya gari na kuvitaka bure.